Nyumba za Muda kwa Mama Vijana Wasioolewa: Habari Zake za Kale na Mafundisho Yake

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini yuko mzazi mmoja ambaye uchungu wake huongezwa na watu: msichana aliyezaa kabla ya kuolewa, ambaye baba yake amemfungia mlango, na mwanamume aliyempa mimba hajulikani alikokwenda. Katika mwaka wa taarifa hii Kamati ilileta shauri kwamba chama chetu kipange nyumba ndogo ya kuwapokea wasichana wa namna hiyo pamoja na watoto wao kwa muda, mpaka waweze kusimama wenyewe. Wanachama wengine waliliunga mkono. Wengine walisema kuwa nyumba ya aina hiyo itawatia wasichana moyo wa kupotoka, na wengine wakauliza kama jambo hili limepata kujaribiwa mahali popote. Kwa sababu hiyo Kamati iliniagiza niandike kwa ufupi habari za nyumba hizo tangu zamani, ili kila mwanachama akija mkutanoni awe na la kupimia.

Jambo lenyewe limejaribiwa kwa muda mrefu, katika nchi nyingi, mara nyingine kwa mafanikio makubwa na mara nyingine kwa msiba. Anayezifuata habari hizo kwa utaratibu ataona kwamba tofauti baina ya mafanikio na msiba haikutokana na wingi wa fedha. Ilitokana na maswali matatu. Je, mama na mtoto waliachwa pamoja? Je, nyumba ilikuwa na mlango wa kutokea, yaani kazi, elimu na mahali pa kwenda? Na je, msichana alipokewa kama mgonjwa anayeuguzwa, au kama mkosaji anayetumikia kifungo?

Tuanze na mji wa London. Katika miaka ya 1720 nahodha mmoja mstaafu, jina lake Thomas Coram, alikuwa akipita njiani akaona watoto wachanga wametupwa, wengine wamekufa na wengine wakingali hai. Alihangaika miaka 17 akiomba ruhusa ya kuwajengea nyumba. Wakubwa walimkataa, maana walisema kuwalea watoto hao ni kuutukuza uzinzi. Hatimaye mabibi 21 wa koo bora walitia sahihi zao katika ombi lake, na mwaka wa 1739 Mfalme George II alitoa hati. Watoto wa kwanza walipokewa tarehe 25 Machi 1741, nao walikuwa 30. Walioleta watoto walikuwa wengi kupita nafasi, hata ikabidi mama wapige kura kwa kutoa mpira katika mfuko: mpira mweupe, mtoto alipokewa, mwekundu, alingoja, mweusi, alirudishwa na mama yake barabarani. Mama wengi waliacha kitu kidogo, kipande cha nguo au sarafu iliyotobolewa, ili siku wakipata uwezo waweze kumtambua mtoto wao.

Nyumba ya Coram iliokoa maisha ya watoto ambao bila shaka wangalikufa, wala hatuwezi kuidharau. Hata hivyo ilikuwa na upungufu mkubwa. Mtoto aliingia, na mama akabaki nje. Walioweza kurudi kuwachukua watoto wao walikuwa wachache sana. Tena kuanzia 1756 mpaka 1760 Bunge la Uingereza lilitoa fedha ili mtoto yeyote apokewe bila kukataliwa. Katika muda huo waliletwa watoto karibu 15,000, na hawakufika theluthi moja yao walioishi hata kufikia umri wa kufundishwa kazi. Maziwa ya mama hayapatikani kwa fedha za Bunge. Hilo ni fundisho la kwanza: nyumba inayomwokoa mtoto kwa kumtenga na mama yake imefanya nusu ya kazi, na mara nyingi nusu hiyo nayo huharibika.

Zaidi ya miaka 100 ilipita kabla ya watu kuijaribu njia nyingine kwa nguvu. Huko New York, nchi ya Marekani, palikuwa na mfanyabiashara tajiri wa madawa aliyeitwa Charles Crittenton. Mwaka wa 1882 binti yake Florence alikufa akiwa na umri wa miaka minne. Huzuni ile ilimtoa katika mambo ya biashara, na mwaka wa 1883 alifungua katika barabara ya Bleecker nyumba iliyobeba jina la mtoto wake, ili iwapokee wanawake waliokuwa wakitangatanga usiku. Mwanzoni nia yake ilikuwa kuhubiri tu. Lakini msichana akisikia mahubiri usiku, na asubuhi hana pa kulala wala pa kula, hurudi alikotoka.

Aliyeitengeneza kazi hiyo hata ikawa na maana kwa mama vijana alikuwa mwanamke, Kate Waller Barrett, mke wa kasisi katika jimbo la Virginia. Msichana mmoja aliyezaa bila mume alifika mlangoni pao na mtoto wake mikononi, akasimulia habari zake. Bibi Barrett, aliyekuwa naye analea mtoto, aliona kwamba baina yake na msichana yule hapakuwa na tofauti ya tabia. Tofauti ilikuwa kwamba yeye alipendwa na mtu mwema, na yule alidanganywa na mtu mwovu. Tangu hapo hakuliacha jambo hilo. Alisoma udaktari akapata shahada mwaka wa 1892, na mwaka uliofuata, kwa msaada wa dola 5,000 kutoka kwa Crittenton, alifungua nyumba katika mji wa Atlanta, ingawa wakaaji wa mji walipinga isijengwe karibu nao. Crittenton alipokufa mwaka wa 1909 palikuwa na nyumba zaidi ya 70 zenye jina la Florence katika nchi ile, na Bibi Barrett alizisimamia mpaka alipofariki mwaka wa 1925.

Utaratibu wake unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hapo ndipo wazo la nyumba ya muda lilipopata umbo lake. Msichana alipokewa kabla ya kujifungua. Baada ya kuzaa alitakiwa akae miezi sita kwa uchache, amnyonyeshe mtoto mwenyewe na kumtunza kwa mikono yake. Sababu zilikuwa mbili. Mtoto anyonyaye kwa mama yake huishi, na mama aliyemlea mtoto miezi sita hapendi tena kumtupa wala kurudi katika maisha yatakayomwumiza mtoto huyo. Wakati huo huo alifundishwa kazi: kushona, kupika, kufua, kuuguza wagonjwa. Siku yake ya kuondoka ilipokaribia, wasimamizi walimtafutia mahali pa kazi ambapo angeweza kwenda na mtoto wake. Hakuingizwa ili akae, aliingizwa ili atoke akiwa na nguvu kuliko alivyoingia.

Haifai kusifu pasipo kutaja kasoro. Kazi walizofundishwa wasichana wale zilikuwa hasa za utumishi wa nyumbani, zenye mshahara mdogo. Tena nyumba nyingi ziliwapokea wasichana wa Kizungu tu, na wasichana weusi wa nchi ile walilazimika kutafuta msaada katika makanisa yao na vyama vyao wenyewe. Lakini nguzo mbili za Bibi Barrett, yaani mama asitengwe na mtoto, na kila anayeingia aandaliwe kutoka, hazijapata kupingwa na habari zozote zilizofuata. Zilipobomolewa ndipo ilipoonekana uzito wake.

Zilibomolewa baada ya Vita Vikuu vya Pili. Kuanzia 1945 hivi, mpaka mwanzo wa miaka ya 1970, wataalamu wengi huko Marekani waliona kwamba lililo bora ni mtoto kupewa watu wengine wenye ndoa, na msichana kurudi kwao kana kwamba hakuna lililotokea. Wasichana walipelekwa mbali na jamaa zao, wengine wakapewa majina ya kujificha, wakazaa, na watoto wakachukuliwa kabla ya mama kuwazoea. Baadhi ya nyumba za Florence zilifuata mkondo huo huo. Wengi wa mama wale walieleza baadaye, walipokuwa wazee, kwamba hawakuulizwa wanataka nini, na kwamba jeraha lile halikupona. Baadaye nyumba kadhaa zilirudia kazi ya awali ya kuwaweka mama na mtoto pamoja, zikaongeza na shule ndani yake.

Msiba mkubwa zaidi ulitokea katika nchi ya Ayalandi. Huko serikali za wilaya na mashirika ya dini zilikuwa na nyumba za mama na watoto kwa miaka mingi. Msichana aliletwa mara nyingi na jamaa zake au na padri. Baada ya kuzaa alifanya kazi bila malipo, kwa kawaida muda wa mwaka mmoja katika nyumba nyingine, kisha akaondoka peke yake. Mtoto alibaki, au akapewa watu wengine. Mwaka wa 2014, kwa bidii ya mwanamke mmoja mpenda historia, Catherine Corless, ulimwengu ulipata kujua kwamba katika nyumba ya Tuam, iliyofanya kazi kuanzia 1925 mpaka 1961, watoto 796 walikufa wala hapakuonekana makaburi yao. Tume iliundwa. Taarifa yake ilitolewa Januari 2021, ikaonyesha kwamba katika nyumba 18 ilizozichunguza walipita mama wasioolewa 56,000 hivi, na watoto 57,000 hivi, na kwamba watoto wapatao 9,000 walikufa. Waziri Mkuu wa nchi ile aliomba radhi Bungeni mwezi ule ule.

Yafaa tuseme wazi kwamba walioziendesha nyumba hizo za Ayalandi walidhani wanafanya kazi ya rehema. Walikuwa na paa, walikuwa na vitanda, walikuwa na sala asubuhi na jioni. Walichokosa ni kumheshimu aliyekuwa ndani. Aibu ilifanywa kuwa sheria ya nyumba, na aibu ikawa ukuta uliowazuia watu wa nje wasiulize watoto wale wanakula nini.

Katika Uingereza yenyewe mambo yalichukua njia nyingine. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza ilionekana kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa walikufa kwa wingi karibu mara mbili kuliko wengine. Mwaka wa 1918 Lettice Fisher na wenzake walianzisha baraza la kitaifa la kumtetea mama asiyeolewa na mtoto wake. Baraza hilo lilitaka mambo mawili yaende pamoja: nyumba za kuwapokea mama na watoto bila kuwatenga, na sheria ya kumlazimisha baba atoe matumizi. Mwaka ule ule kiwango cha juu ambacho mahakama iliweza kumtoza baba kiliongezwa kutoka shilingi 5 kwa wiki mpaka shilingi 10. Waliona kwamba nyumba bila sheria humwachia mama mzigo wote siku anapotoka mlangoni.

Sheria za namna hiyo zilifika kwetu, nazo zina habari yake, lakini kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa kabla yake. Katika makabila mengi ya nchi yetu, mtoto aliyezaliwa na binti asiyeolewa alihesabiwa kuwa wa mji wa babu yake, mzaa mama. Wazee walimwita kijana aliyehusika, na jamaa zake walitozwa faini ya mifugo. Si kwamba mila zote zilikuwa na huruma. Mahali pengine msichana aliyeshika mimba kabla ya wakati wake alipata mateso makali. Lakini kwa kawaida palikuwa na jamii iliyojua mtoto ni wa nani, na nyumba ya nyanya yenye moto jikoni. Utaratibu huo ulitegemea jambo moja: kwamba kijana yule anajulikana na yuko karibu. Kodi na kazi za kibarua zilipowapeleka vijana Nairobi, Mombasa na katika mashamba ya walowezi, wazee walibaki na kesi isiyo na mshtakiwa.

Wasichana nao walifuata njia ya mji. Nyumba nyingi zilizojengwa na serikali na makampuni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika zilikuwa za wanaume wasiofuatana na jamaa zao. Mama mwenye mtoto hakuwekewa nafasi. Waliowapa hifadhi mara nyingi walikuwa wanawake wenzao, wale waliojijengea nyumba Pangani na Pumwani na kupangisha vyumba. Mwaka wa 1926 nyumba ya uzazi ilianzishwa Pumwani kwa jina la Lady Grigg, mke wa Gavana, na mama wengi mno wamejifungua salama mahali hapo tangu siku zile. Lakini hospitali humtoa mama baada ya siku chache. Swali la wapi atalala siku ya kumi lilibaki bila jibu.

Mwaka wa 1959 sheria ilipitishwa katika Kenya iliyompa mama asiyeolewa haki ya kumpeleka baba wa mtoto mahakamani ili atoe matumizi. Wanawake waliitumia. Baada ya uhuru wabunge wengi waliilalamikia, wakisema inawatia wanawake tamaa na kuwafilisi wanaume. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kiliitetea, lakini mwaka wa 1969 Bunge liliifuta. Yafaa kukumbuka kwamba katika Bunge lile hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa na wananchi. Bi Grace Onyango, wa kwanza, aliingia kwa uchaguzi wa Desemba mwaka ule ule, sheria ilipokwisha kuzikwa.

Ilichukua miaka 41 kulirudisha jambo hilo mahali pake. Mwaka wa 1994 serikali iliruhusu msichana aliyezaa arudi shuleni, na mwaka wa 2020 ikatoa maongozi mapya ya kueleza namna shule zitakavyompokea. Katiba ya 2010, katika ibara ya 53, ilisema kwamba kila mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au la. Na ibara ya 43 ikataja haki ya makao yanayofaa. Mwaka wa 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba mama asiyeolewa asizuiwe kuandikisha jina la baba katika cheti cha mtoto. Kwa hiyo sheria sasa ziko upande wa mama kijana kuliko wakati wowote uliopita. Linalopungua ni mahali pa kusimama wakati anapozitafuta haki hizo. Msichana anayelala leo kwa shangazi na kesho kwa rafiki hawezi kufika mahakamani, wala hawezi kurudi shuleni.

Nao si wachache. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa umri wa miaka 15 mpaka 19, wasichana 15 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Mwaka wa 2014 walikuwa 18. Hesabu imeshuka, jambo la kushukuru, lakini hao 15 wana majina, na wengine ni mabinti wa wanachama wa chama hiki.

Sasa nijibu lile neno kwamba nyumba hiyo itawatia wasichana moyo wa kupotoka. Neno hilo aliambiwa Coram zaidi ya miaka 280 iliyopita, na Bibi Barrett aliambiwa vivyo hivyo. Hakuna msichana aliyebeba mimba kwa kutamani kitanda cha nyumba ya wahitaji. Wale waliofungiwa mlango ndio walioanguka mara ya pili, kwa kuwa njaa ya mtoto haingoji. Zaidi ya hayo, wengi wa wanaozungumzwa hapa ni watoto kwa sheria zetu. Mwanamume aliyelala na msichana aliye chini ya miaka 18 ametenda kosa kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka wa 2006, na msichana huyo ni mtu aliyekosewa. Nyumba yetu isije ikawa mahali pa kulificha kosa la mtu mzima, kama zilivyofanywa nyumba za ng'ambo.

Kutokana na habari hizi zote, ningependa wanachama wapime shauri la Kamati kwa mambo haya. Mama na mtoto wapokewe pamoja, na walale chumba kimoja. Miezi sita ya kwanza ihesabiwe kuwa ya kunyonyesha, kupona, kliniki, na kuandikisha kuzaliwa kwa mtoto, kwani baada ya miezi sita uandikishaji huhesabiwa kuwa wa kuchelewa na huongeza usumbufu. Miezi inayofuata iwe ya shule au ya kazi ya mkono itakayomlipa kweli, na mtoto awe na wa kumwangalia mchana. Wazee wawili wa chama, mwanamume na mwanamke, waende kwa wazazi wa msichana kuzungumza kwa upole, maana nyumbani kwao ndiko kunakofaa kuliko kwetu iwapo mlango utafunguka. Lakini asirudishwe kwa nguvu mahali alipodhurika. Siku ya kutoka ijulikane tangu siku ya kuingia, na atoke akiwa na akiba mkononi, hata ikiwa ndogo. Kitabu cha nyumba kiandikwe, na kiwe wazi kwa wakaguzi wa serikali na kwa wanachama wakati wowote, ili yaliyotokea Tuam nyuma ya ukuta yasipate nafasi kwetu.

Gharama zake zimeandikwa na Mtunza Hazina katika sehemu ya mwisho ya taarifa hii, nami sina la kuongeza juu yake. Mkutano mkuu ndio utakaoamua. Nawaomba wanachama waje wengi, na hasa akina mama, ambao katika mikutano iliyopita wameketi nyuma na kunyamaza, wakati jambo hili wanalijua kuliko sisi tunaoandika.